Mvuke wa Olkaria na Injini ya Bwana Unga

Benchi letu la mtaa wa Bondeni, karibu na ziwa, lilikuwa limevunjika mguu mmoja, tukauegemeza kwa tofali, lakini hakuna jambo la dunia ambalo halikuamuliwa juu yake. Asubuhi hiyo ya 1974 dizeli ilikuwa imepanda tena, na Surinder, tuliyemwita Bwana Unga, alikuwa ameamua kuuza injini ya posho mill yake, kinu cha kusagia mahindi kilichokuwa ng'ambo ya barabara. Mnunuzi wa Keringet alikuwa njiani na lori. Gazeti lilisema wanachimba mvuke wa kuzalisha stima chini ya ardhi huko Olkaria, upande wa Naivasha, na Surinder akaona stima ya bei rahisi imeshafika mlangoni. Injini ile aliachiwa na marehemu baba yake. Tulimhurumia, na kwa vile tulimpenda, tukampa ushauri.

— Usiuze, alisema Owuor, tuliyemwita Fayaman kwa sababu alitunza moto wa gari la moshi mpaka akastaafu. Hiyo mvuke haitakaa. Boila zote nimefanya nazo zilikula mafuta. Sasa chukulia hiyo ya chini pia inakula mafuta. Waarabu wakifunga mfereji wa mafuta, kwisha!

— Na nani anaitilia mafuta huko chini? aliuliza Kosgei, mfugaji wa Molo aliyeleta maziwa mjini.

— Si nimesema chukulia!

— Basi chukulia ardhi ni ng'ombe. Ukimkamua vizuri anaongeza, ukimwacha anakauka. Wacha wachimbe visima mia, mvuke itazidi. Uza, Bwana Unga.

— Chovya chovya humaliza buyu la asali! Owuor akafoka.

— Hiyo ni ya asali. Ng'ombe hachovywi.

Shabir, mwenye kahawa, akaweka dele chini kwa hasira.

— Nyinyi wote hamjui. Hiyo ni birika. Mvuke ikitoka, maji inapungua, inataka kuongezwa. Watamwaga Naivasha yote ndani, halafu waje kwa ziwa yetu. Flamingo watasimama kwa vumbi!

— Ndiyo maana wakasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, akasema Kosgei.

Tukamweleza methali hiyo haihusu visima. Akasema kuanzia leo inahusu.

Surinder akaweka chini kikombe kilichopoa.

— Sasa mimi nifuate gani? Boila inasema wacha, ng'ombe inasema uza. Hii injini mzee wangu alikuwa anaipangusa kila jioni kama mtoto.

Akaitazama posho mill ng'ambo ya barabara. Niliumia.

Ndipo akaja Namalwa, jirani yetu wa mtaa wa nyuma, na debe la mahindi kichwani.

— Hamjambo wazee. Bwana Surinder, nasikia unauza injini. Sasa Jumamosi nikirudi na debe lingine, nitasagia wapi?

Owuor akatazama kikombe chake. Kosgei akatazama barabara. Shabir akainamisha dele, hakukutoka hata tone. Tulikuwa tumechukulia kila kitu isipokuwa mahindi.

Surinder akainuka, akampokea mama lile debe, wakavuka barabara. Baada ya kitambo injini ikakohoa, ikakohoa tena, kisha ikashika.

Lori la Keringet lilipofika, mnunuzi aliteremka akauliza iko wapi hiyo injini inayouzwa.

— Ndiyo hiyo unasikia, Owuor akamjibu. Iko kazini.