Mwalimu Kapigwa kwa Kidole Gumba

Nyuma ya jengo la kompyuta la chuo chetu, hapa Yonago, Japani, kuna benchi kando ya mashine ya vinywaji. Mchana ukisikia watu wanabishana, kila mmoja na kopo lake la kahawa, ujue ni sisi: Mama Kare, mpishi wa kantini, Mzee Breki, aliyeendesha basi mpaka akastaafu, sasa anapogoa miti ya chuo, na mimi, msaidizi wa maabara. Siku hiyo Mwalimu Kuwabara, tunayemwita Kibodi kwa sababu hata akiongea vidole vyake vinachezacheza, alitoka darasani anacheka peke yake.

— Jamani, nimepigwa! Na mwanafunzi, mchana kweupe!

Mama Kare akashtuka.

— Ngumi?

— Kidole gumba. Nagisa kanipiga!

Nagisa nilimjua. Mwaka wa kwanza, mpole, na tangu Aprili ndiye wa mwisho kwenye somo la kompyuta. Kwenye simu anaandika kwa kana, herufi zetu wenyewe. Kwenye kibodi tunamfundisha aanze na herufi za Kizungu, ndipo mashine izigeuze kuwa kana. Hapo vidole vinamganda. Juzi aliniambia: “Kaka, mimi nitaacha chuo. Kichwa changu hakifai.”

— Haya, tupe habari, nikamwambia Mwalimu.

— Nimemkuta anaandika ripoti kwa simu, chini ya meza. Nikataka kufoka. Akaniangalia, machozi yanamlenga: “Mwalimu, mimi naweza hivi tu.” Darasa zima likageuka. Nikasema, basi tushindane. Aya moja, wewe simu, mimi kibodi.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, akasema Mzee Breki.

— Leo kimevunja, mzee! Mimi nahangaika na mstari wa tatu, mwenzangu keshaweka simu mezani. Wenzake wamepiga kelele mpaka jengo la jirani wakafungua madirisha.

— Ulimwachia, wewe, mzee akambishia.

— Nimwachie nini? Jasho hili hapa!

Mama Kare akatikisa kichwa.

— Mimi nawaona kantini. Mkono mmoja vijiti, mkono mwingine simu. Tambi hazianguki, ujumbe haukosewi. Gumba zao si kama zetu, zimerefuka.

— Zitarefuka zaidi, Mzee Breki akadakia. Miaka mia ijayo mtoto atazaliwa na gumba kumi. Glavu zitashonwa upya. Hata basi litaendeshwa kwa gumba, abiria wakae kimya.

— Basi na breki je, mzee? nikamuuliza.

— Breki? Mchagua jembe si mkulima!

Tukacheka mpaka Mama Kare akajimwagia kahawa kwenye aproni. Lakini mimi roho ilikuwa bado juu juu.

— Mwalimu, alipokushinda akafanyaje?

Kibodi akaketi benchini. Hata vidole vyake vikatulia.

— Akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka. Halafu akaivuta kibodi kwake, akasema: “Kumbe hata wewe unashindwa. Basi nifundishe.” Tumeanza na jina lake. Kaliandika lote bila kuangalia vidole, akalifuta, akaliandika tena.

Mama Kare akainuka, akatumbukiza sarafu kwenye mashine, akamkabidhi kopo jipya.

— Shika lako, mshindwa wee.

Hapo hapo Nagisa mwenyewe akatokea kununua chai. Akatuinamia kwa adabu. Mzee Breki akasogea kumpisha.

— Karibu bingwa, kaa na wazee.

Akakaa ukingoni, kopo mapajani.

— Mwalimu, samahani. Naomba kuuliza.

— Uliza chochote, mwanangu. Miaka ishirini nafundisha hii kitu.

— Kwenye kila kitufe, pembeni ya herufi ya Kizungu, imechorwa kana yetu pia. Mbona hamtufundishi kuandika kwa hizo?

Kibodi akachezesha vidole hewani, kama anayetafuta kitufe. Akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Mama Kare. Mama Kare akamgeukia Mzee Breki, na mzee, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na methali.