Cheo cha Gotini

Kijiwe chetu ni benchi moja na birika moja, na hakuna ugonjwa uliowahi kufika hapo ukaondoka bila jina. Tunajivunia hilo waziwazi. Leo Milimita, fundi wa vigae, kakunja suruali juu ya goti la kulia. Pembeni ana uvimbe ulioanza kama punje ya mahindi mwaka jana, sasa umefika limau. Mkewe anataka aende hospitali. Yeye kaja kwetu kwanza.

— Maji hayo, kasema Soli, mshona viatu, akiubonyeza kwa dole gumba.

— Mbona mgumu? kauliza Milimita.

— Maji ya zamani. Yameganda.

Breki, dereva mstaafu, akacheka.

— Maji wapi! Grisi hiyo. Imetoka kwenye kiungo, ikakosa pa kwenda. Lori langu lilikuwa hivyohivyo.

— Lori lina goti? kauliza Soli.

— Lina viungo kukushinda wewe!

Nikaona niwasaidie.

— Jamani, mwili unamjengea goti la akiba.

Walinitazama kwa heshima. Nilijisikia vizuri sana.

— Nyote mnazunguka tu, kasema Milimita. Hiki ni cheo. Askari anavishwa begani, mimi nimevishwa gotini. Sakafu za mtaa huu nani kazipigia magoti? Halafu hauumi. Kitu kisichouma kina ubaya gani?

Tukamkubalia wote. Hapo ndipo mama mshona nguo aliyefungua duka jana akafika kununua kahawa, habari ya cheo kaisikia tangu njiani.

— Fundi, sakafu uliyonipangia dukani nimeipitishia mkono, haina hata ukingo uliojitokeza! Hebu nionyeshe, ukipanga kigae unapigaje goti?

Milimita hakungoja kubembelezwa. Akashuka palepale, mgongo umenyooka, fundi haswa. Goti la kushoto chini. La kulia limesimama juu na uvimbe wake, halijagusa hata vumbi.

— Siku zote hivyo?

— Tangu nijifunze kazi, dada yangu.

— Sasa hilo la kulia limepewa cheo kwa kazi gani?

Soli akachungulia kikombe chake. Breki akakohoa. Mimi goti la akiba lilikuwa mdomoni, nikalimeza.

Milimita akabaki chini, anatazama goti moja, kisha la pili.

— Basi sakafu zangu hazina hatia, akasema, kichwa bado juu. Kisha sauti ikashuka. — Breki, nishike mkono niinuke. Twende tukamuulize anayejua.