Barua Sitini na Tatu za Mama Sikujua

Padre wetu, wazee wetu, majirani wa Columbia Heights, ndugu wa Lanham mliotupa ukumbi huu, na wifi yangu Audrey unayetusikiliza kwa simu kutoka Songea, mimi naitwa Queen, ni mke wa Dunstan, mkwe wa marehemu, najua kazi hii huwa ya mwanaume wa ukoo, lakini mume wangu amenipa mimi kwa sababu ndiye niliyeshinda na mama kila siku, nikisoma haraka naomba mnivumilie, nikipunguza mwendo nitashindwa.

Mama yetu, Sikujua Laurean, alizaliwa tarehe 3 Mei 1961 huko Peramiho, mkoani Ruvuma, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Laurean, fundi mwashi wa misheni. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Peramiho kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, mwaka 1979 akaajiriwa kuwa mhudumu wa wodi, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na minne, na hakuwahi kuchelewa hata siku moja, hilo alilisema mwenyewe kila mara, hata kama hakuna aliyemuuliza.

Tarehe 12 Julai 1986 alifunga ndoa na Baba Sebastian Kalisti, dereva wa malori, wakajaliwa watoto wawili, Audrey mwaka 1988 na Dunstan mwaka 1991. Baba alifariki mwaka 2001, na Septemba 2003 mama akaja huku ughaibuni na familia ya ofisa wa ubalozi kulea watoto wao, wao waliporudi nyumbani yeye akabaki, akapata karatasi zake za ukaazi, akawa anahudumia wazee majumbani, na kote huko alienda kwa basi, gari alisema ni la watu wenye haraka ya kugombana. Mimi nilikuja mwaka 2022, na tarehe 9 Februari 2024 nilimzaa binti yetu, tukampa jina la bibi yake, naye mama akawa hamwiti kwa jina, anamwita wajina, "Wajina, mwambie mama yako chai yangu imepoa," na mtoto hata shingo bado haijakaza.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na hapa ndipo ninapoogopa.

Mama aligundulika kuwa na tatizo la figo Agosti 2023, akaanza kusafishwa damu Januari 2024, kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa sita mchana, anakaa kwenye mashine kwa muda wa saa nne, na saa kumi anaingia mgonjwa mwingine, kwa hiyo ukichelewa dakika arobaini, zinakatwa zako, si za mwenzako. Dunstan anaondoka na gari alfajiri kwenda kazini Sterling, gari la wagonjwa la kuomba kwa simu tulilijaribu likachelewa kuliko basi, basi mama akarudi kwenye basi lake. Na mnaijua barabara yetu, ile njia nyekundu ni ya mabasi asubuhi mpaka saa tatu na nusu, kisha jioni kuanzia saa kumi, katikati ya hapo watu wanaruhusiwa kupaki, na katikati ya hapo ndipo mama alipokuwa anasafiri, mwendo wa dakika ishirini na tano unakuwa saa nzima na zaidi. Alikuwa anatoka mapema, anasimama kwenye baridi, akirudi ananihadithia, "Ile gari nyeupe imeshatoa mahari pale, haiondoki tena."

Mwaka huu mwanzoni likatoka tangazo la ofisi ya usafiri ya jiji kwamba wanafikiria njia hiyo iwe ya mabasi mchana kutwa, wananchi watoe maoni, mwisho Ijumaa tarehe 14 Machi. Mama akachukua fomu, akapita baada ya Misa ya Kiswahili, akapita kwa Bi Rahma wa ghorofa ya pili, Bi Rahma akampitisha kwa wanawake wa msikitini kwao, zikapatikana barua sitini na tatu, kila moja na jina, anuani na namba ya simu, akanikabidhi mimi nizipeleke kwa sababu Kiingereza changu cha kidato cha nne alikiamini kuliko ninavyokiamini mwenyewe.

Sikuzipeleka.

Nilifika mpaka mlangoni mwa ofisi hiyo na mtoto mgongoni, nikamwona askari amekaa pale ndani, nikaanza kuwaza karatasi zangu ambazo bado hazijatoka, nikawaza majina yenu na nyumba zenu zote kwenye bahasha moja mkononi mwangu, nikasema nikiwapa hawa nimewapa orodha ya watu wa kukamatwa, nikageuka, nikaziweka chini ya nepi kwenye mfuko wa mtoto. Mama akaniuliza, "Walisemaje, mwanangu?" nikamjibu wamezipokea. Akaenda kanisani akawaambia, "Queen amezipeleka, ana moyo yule," na nyinyi wengine mlinipongeza, nikasema asante. Mwezi Mei wakatangaza saa zinabaki kama zilivyokuwa, mama akasema, "Basi hawakutusikia," nami nilikuwepo, nimekaa pembeni yake, namlisha mtoto.

Sisemi barua hizo zingebadilisha kitu, sijui, na daktari ametuambia moyo ulikuwa umechoka siku nyingi, lakini Jumanne tarehe 4 Novemba alichelewa akakatwa dakika hamsini, Alhamisi ya wiki ile ile ikawa hivyo, na Ijumaa tarehe 7 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akafariki hospitalini, Dunstan amemshika mkono. Leo asubuhi kwenye gari nimemwambia Dunstan yote haya, akapaki pembeni, akasema, "Basi usiliruke hilo ukisoma."

Jumatano mama anasafirishwa kwenda Peramiho, Dunstan atamsindikiza, mimi nikitoka nchi hii siwezi kurudi, kwa hiyo hapa ndipo ninapomuaga.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Bi Rahma na majirani waliopika siku zote hizi, wafanyakazi wenzake mama, na dereva wa mchana, Bwana Mutai, aliyekuwa anamshushia ngazi ya basi kabla hajaomba, tumekuona umekuja na sare yako, asante.

Maoni kuhusu njia ile yamefunguliwa tena, mwisho Ijumaa ijayo, na zile barua ziko mezani karibu na daftari la rambirambi, zinanuka poda ya mtoto, mnisamehe. Mwenye kuogopa achukue yake, hakuna atakayemwangalia, mwanzoni niliwaamulia na haikuwa haki yangu. Ya mama iko chini kabisa, aliitamka mimi nikaiandika, anaomba njia ya basi iwe ya basi mchana pia, kwa sababu figo nazo zina saa zake. Ya juu kabisa ni ya sitini na nne, ina jina langu lote na namba ya nyumba, na Jumatatu nitazipeleka kwa basi.

Mama, mwanao nilikudanganya, nisamehe. Kaa kiti cha mbele, hakuna anayekuharakisha, pumzika kwa amani.