Lita Moja, Kilomita Kumi na Saba

Benchi letu liko Kisenyi, hapa Kampala, ubavuni mwa gereji, mahali ambapo harufu ya petroli na harufu ya tangawizi zimeshazoeana. Nusura anauza kahawa hapo, na mimi nashona viti vya magari mkabala naye, mikono kazini, masikio benchini. Sadik ni fundi. Tunamwita Nozo, kwa sababu kwake kila ugonjwa wa gari unaanzia kwenye nozo, kile kidude kinachopulizia mafuta ndani ya injini. Wanyama, Mkenya wa Bungoma muuza spea, ni Mahakama, maana akishatamka hakuna rufaa. Wa tatu ni Heritier, Mkongomani wa Bukavu, tunayemwita Polepole. Anaendesha gari la mkewe Marlène, kupeleka vitenge vya biashara ya mke huyo Kalerwe na Kansanga, na anaendesha kama mtu aliyebeba mayai mapajani. Asubuhi hiyo alifika, akakaa, akashika kikombe asinywe.

— Polepole, kahawa inapoa, Nusura akamwambia. Nani amekufa?

— Hakuna mutu amekufa. Bibi yangu anasema miye naiba mafuta.

Sadik akaweka spana chini. Habari ya namna hiyo haisikilizwi ukiwa na kitu mkononi.

Mambo yalikuwa hivi. Gari lile dogo lilitoka Japani na maandishi ya Kijapani kwenye dashibodi, na tangu walinunue hakuna aliyejua yanasema nini. Juzi Marlène aliyaelekezea simu, simu ikamtafsiria: lita moja, kilomita kumi na saba. Marlène ni mtu wa biashara. Alichukua mafuta anayoyanunua, akachukua kilomita zinazotembewa, hesabu ikakataa. Kwa maneno ya dashibodi, tenki lilipaswa kumaliza wiki. Kwa kweli lilikuwa linakauka mapema, kila wiki.

— Sasa anasema mafuta ingine nauzisha, Heritier akasema. Amepata dereva, Mkenya mmoja, Odera. Anaanza Jumatatu. Miye nitakaa nyumba.

— Odera simjui, Wanyama akadakia haraka. Kenya ni kubwa.

— Ni nozo, Sadik akasema. Ikichafuka inamwaga mafuta kama bomba ya bafu.

— Umesafisha nozo mwezi jana! Heritier akamkatiza.

— Kale, haya, basi si nozo. Ni pampu. Pale unajazia wanakupimia hewa.

Wanyama akakohoa. Mahakama ilikuwa imeketi.

— Nyinyi mnakosa pointi, bana. Hii gari ilifundishwa hesabu Japani. Huko barabara ni kama meza. Hakuna matuta, hakuna mashimo, hakuna bodaboda anakuingilia. Kompyuta yake haijui ilihama. Inasoma Kampala, inaandika Tokyo. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo hurejea ngamani. Maana yake, gari hata ikienda mbali namna gani, roho yake inarudi kwao.

— Hiyo methali si ya gari, nikasema.

— Ya nini?

Nikarudi kwenye sindano yangu.

— Ni vilima, Sadik akasema, kapata moto. Kampala ni kupanda, kushuka, kupanda. Mimi nadhani kompyuta inalala ukipanda. Ukishuka, mguu umetoa, mafuta haiendi, ndiyo inaamka inahesabu. Inahesabu mteremko peke yake!

— Na kupanda nani anahesabu?

— Bibi ya Polepole!

Tulicheka wote isipokuwa Heritier. Nusura, ambaye kwa kawaida hachangii, akafuta mdomo wa birika.

— Mimi naona kitu ingine, akasema. Gali inaweza kula mafuta bila kutembea. Imesimama, injini inanguruma, eyakondishena inapuliza. Kilomita haiongezeki. Polepole, unakaa na nani ndani ya gali?

Banange, jamani wee! Heritier akamgeukia taratibu.

— Nusura, miye nakaa na vitenge.

— Eyakondishena ilikufa, Sadik akamtetea. Mimi mwenyewe niliizika. Na tena gari ikisimama inanguruma, hata dashibodi inashusha namba.

— Mahakama inatupilia mbali hoja ya Nusura, Wanyama akatamka. Lakini kuna jambo. Namba huwa nzuri wakati nani anaangalia? Mwenye gari! Hawa watengenezaji ni wajanja. Gari inajua mwenye mali amekaa, inasema tamu ili asiiuze. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

— Sasa nani amesifiwa hapo? Sadik akauliza.

— Tembo!

Tungeendelea hivyo mpaka adhuhuri. Lakini Heritier aliweka kikombe chini, kimejaa vile vile, na sauti yake ilikuwa imepungua.

— Ninyi munacheka. Miye nyumbani nasalimiwa kama mupangaji. Habari ya asubuhi, habari ya jioni, basi. Kanisani tunakaa benchi moja, katikati anaweka mukoba.

Hapo mzaha ukaisha. Sadik akajikuna kichwa, kisha akasema jambo la kwanza la maana tangu asubuhi. Jumamosi tujaze tenki mpaka shingoni, turudishe kihesabu cha safari kwenye sifuri, twende barabara ya Jinja na kurudi. Tukirudi, tujaze tena shingoni, pampu ile ile. Kilomita tugawe kwa lita zilizoingia.

— Hapo gari haina la kusema, akamaliza.

Jumamosi walikwenda wote watatu. Mimi nilibaki na kiti cha mteja, lakini walivyorudi walinisimulia wakikatizana. Heritier aliendesha kwa adabu hivi kwamba malori yaliwapita yakipiga honi. Wanyama alikaa nyuma akiinamia mbele kutazama namba. Njiani ilipanda, ikashuka, ikatulia pale pale pa siku zote: kumi na saba. Waliporudi pampuni, Sadik alisimama karibu na mtia mafuta, jicho kwenye shingo ya tenki kama daktari anayetazama koo la mgonjwa. Wakagawa kwa simu. Wakarudia kugawa. Lita moja ilikuwa imetoa kilomita kumi na nne, tena kwa kusukumiza.

— Na hiyo ni barabara kuu, Sadik akasema. Leta jam ya Kalerwe uone.

Mafuta ambayo Marlène aliyatafuta hayakuwahi kuwepo. Yaliandikwa tu pale mbele ya usukani. Wanyama alimkumbatia Heritier, Nusura akatoa kahawa ya tangawizi bila kuombwa, na sisi tukaketi kama watu walioshinda kesi.

Heritier peke yake hakuwa na furaha ya mshindi. Alikuwa anazungusha kikombe.

Marlène akatokea wakati huo huo. Hakuwa amewahi kufika kijiweni kwetu. Alikuja kwa miguu kutoka upande wa maduka ya jumla, mkoba begani, vumbi kwenye viatu, akalitazama gari, akatutazama sisi.

— Nimetafuta hii gari Kisenyi yote.

Wanyama akasimama, akafunga kifungo cha shati, akasoma hukumu yake mwanzo hadi mwisho: tenki, shingo, Jinja, pampu, kumi na nne. Hata methali hakutia. Sadik akawa anaongezea palipopungua. Marlène aliwasikiliza bila kuwakatiza. Akaingia garini, akaitazama ile namba, akatoka.

— Nimesikia, akasema. Gari inadanganya. Basi, tuseme ni vile. Lakini muniambie kitu kimoja. Huyu nilimuuliza mafuta inaenda wapi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alivaa viatu, akatoka, akakuja kuwaambia ninyi. Mutu haibi, anashindwa vipi kusema tu "siibi"?

Wanyama akakifungua kile kifungo cha shati. Sadik akaokota spana ambayo hakuihitaji. Nusura akatazama ndani ya birika.

Heritier akajibu mwenyewe, macho yakiwa barabarani.

— Ungeniuliza miye kwanza, ningesema. Uliuliza simu, simu ikauliza gari. Miye nilifikiwa wa mwisho, hukumu imeshatoka. Ningesema siibi, ungetazama uso wangu ama ungetazama namba?

Kidole cha Marlène kilikuwa kinachezea kamba ya mkoba.

— Odera nilishamwambia aje, akasema baadaye, kwa sauti ya chini.

— Aje basi.

— Nitamwambia nini asije?

Odera hakuanza kazi Jumatatu. Hilo nililijua baadaye. Siku ile nilichoona ni Marlène akiushusha mkoba begani, akiuweka chini kwenye vumbi, kisha akiketi karibu na mumewe. Wanyama akakumbuka kwamba duka halina mtu. Sadik akaingia chini ya gari ambalo alikuwa ameshalimaliza. Nusura akamimina kikombe kimoja, akaenda nacho mpaka kwa jirani. Nami nikakigeuza kiti nilichokuwa nashona, nikawapa mgongo.