Picha Iliyokuwa Nyuma ya Cheti

Benchi letu liko nje ya geti la yadi, ubavuni mwa rundo la mabati, na kila saa nne asubuhi tunakaa hapo na birika la kahawa tukisubiri lori la chupa. Kazi yetu ni kutoa vitu kwenye nyumba ambazo wenyewe wamefariki au wamehama. Tunachambua kila kitu: chuma huku, vioo kule, mbao kwa seremala, karatasi kiwandani, nguo kwa wenye shida nazo. Kinachokosa pa kwenda ndicho kinachopelekwa jalalani, na Mizani, anayepima mzigo, hujisifu kwa uchache wa hicho. Nyumba ya mzee fundi saa, tuliyoitoa wiki iliyopita kwa agizo la mwenye nyumba, ilibakiza gunia moja tu la taka, na jamaa amelisema hilo mpaka masikio yetu yamechoka. Leo hakulisema. Jana mchana binti wa marehemu alipiga simu kwamba anakuja kuchukua picha ya mama yake. Baba yake alimwambia siku za mwisho kuwa ameiweka nyuma ya cheti chake cha ufundi, ndani ya fremu, kwa sababu alikuwa hawezi kuitazama. Ndiyo picha pekee iliyopo. Binti hajawahi kuiona, wala sura ya mama yake haijui.

Mizani: Sema tena, Bisibisi. Ile fremu uliifungua wewe?

Mimi: Siku ile nilifungua fremu kumi na moja. Nani mwingine hapa anatembea na bisibisi?

Mizani: Na picha ikawemo.

Mimi: Ilidondoka. Cheti nikakitia kwenye karatasi, kioo nikampa Bi Chupa. Picha yenyewe nikaichana pembe.

Ndivyo tunavyopima. Karatasi ya kawaida ikichanika inaacha manyoya. Picha inavuta utando wa plastiki, na kiwandani hawaipokei, wanasema inawaharibia uji wao wa karatasi. Kwa hiyo nilitazama pale palipochanika, nikauona utando, nikaitupa kwenye gunia la taka. Uso sikuuangalia. Tangu jana nautafuta kichwani mwangu na siupati, na naona aibu kulisema.

Bi Chupa: Gunia si lipo?

Mizani: Lilikwenda jalalani Jumatano. Nimefika huko jana baada ya simu. Wamechoma upande wote ule, majivu yananifika magotini.

Bi Chupa ndiye mkubwa wetu, amechambua vioo miaka mingi mpaka vidole vyake havisikii tena kikombe cha moto. Aliweka kahawa yake chini.

Bi Chupa: Basi tumwambie tumeibiwa.

Mizani: Mwizi gani huyo anaacha nyaya za shaba anabeba picha?

Bi Chupa: Panya, basi.

Mizani: Panya kaingia ndani ya kioo, kala, katoka, kafunga skrubu. Endelea, mama, tunakusikiliza.

Hapo Profesa akakohoa. Ni msukuma mkokoteni, na jina alilipata kwa kusoma kila gazeti kabla hajalifunga kwenye mzigo.

Profesa: Mnahangaika bure. Picha haikuwepo. Mzee alikuwa na homa, na mtu wa homa anasema mengi.

Mimi: Nimeishika kwa mkono huu.

Profesa: Umeshika picha. Nani kakwambia ni ya mkewe? Madukani fremu huuzwa na picha za watu wasiojulikana ndani, ili zivutie.

Mizani: Kwa hiyo tumwambie anaililia picha ya dukani.

Profesa: Halafu liko jingine. Picha ikifungiwa miaka thelathini, hewa ya mle ndani inakula sura. Angeifungua mwenyewe angekuta karatasi nyeupe. Kwa kweli tumemwepusha na machungu.

Bi Chupa: Hilo umelisoma wapi?

Profesa: Nimelifikiria.

Siku nyingine tungemcheka mpaka jioni. Leo yeye akaingia yadini na kurudi na kopo la biskuti. Ndani yake mlikuwa na picha. Kumbe kila nyumba tuliyotoa alikuwa akiokoa moja mbili, roho inamuuma kuzitupa. Siku ya nyumba ya fundi saa alikuwa kwenye mkokoteni, ndiyo maana ile ilimpita.

Mizani: Hizi za nini?

Profesa: Hajui sura ya mama yake. Sasa atamjuaje?

Mizani akaanza kuzipekua, mwanzo kwa kidole kimoja, baadaye kwa mikono miwili.

Bi Chupa: Mizani, acha. Hiyo ni dhambi.

Mizani: Dhambi ni kumwambia mtoto tumemchomea mama yake. Na watu wanatukabidhi nyumba zao kwa kutuamini. Hili likitoka nje, kesho tunaokota makopo barabarani.

Profesa: Chukua huyu. Wa nyumba ile ya ghorofani, mwaka juzi, hakuna aliyekuja kumuulizia. Tazama, kabeba na mtoto. Atafurahi zaidi akijiona mikononi mwa mama yake.

Wakanigeukia mimi. Nilitaka kukataa. Nilikuwa na neno mdomoni, nikalinywa pamoja na kahawa.

Mimi: Kapendeza.

Binti alifika kabla birika halijapoa. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, kajifunga kitenge cha msiba na viatu vimejaa vumbi la safari.

— Shikamoo mama. Habari zenu kaka zangu.

— Marahaba mwanangu, akaitikia Bi Chupa. Pole sana na msiba.

— Tumeshapoa. Ni mimi niliyepiga simu.

Mizani alisimama, akampa picha kwa mikono miwili. Hakusema hii ndiyo. Hakusema siyo. Binti aliifuta kwa ncha ya kitenge, akaisogeza kwenye mwanga.

— Pua yangu hii, akasema. Jamani, hii ni pua yangu kabisa.

Profesa alitabasamu. Mimi niliangalia chini. Binti aliendelea kutazama, kidole kikishuka polepole kutoka usoni mwa yule mwanamke mpaka kwa mtoto.

— Na huyu?

— Huyo si ndiye wewe, dada? akasema Mizani.

— Hapana. Mama alikufa akinizaa. Hakuwahi kunishika.

Binti alikuwa anahesabu, ungeona midomo inavyocheza.

— Basi hii ilipigwa kabla yangu, akasema. Alizaa kabla yangu.

Akakaa kwenye benchi katikati yetu, bila kukaribishwa. Macho yalikuwa yamejaa machozi lakini uso ulikuwa umechangamka, na hilo ndilo lililonitisha.

— Ndiyo maana baba aliificha. Maisha yangu yote najua niko peke yangu. Wiki tatu zilizopita nimemzika baba na majirani tu, sina hata mtu wa kushikana naye mkono kaburini. Kumbe nina ndugu.

Bi Chupa akaanza kulia. Binti akamshika bega, akamwambia nyamaza mama, hizi ni habari njema. Kisha akatugeukia sisi watatu.

— Nyinyi mmeshika kila karatasi ya nyumba ile. Ndugu yangu anaitwa nani?

Mizani aliniangalia mimi. Mimi nilimwangalia Profesa. Na binti akaendelea kungoja, ameshika picha kifuani, kama mtu aliyekuja kwa watu wanaolijua jibu.