Maharagwe ya Ijumaa ya Kwaresima

Ijumaa hiyo, katika basi lililotoka Miasenyi kwenda Mwatate, Phanice alikuwa ameketi nyuma ya watu wawili wasiojuana. Mmoja ni Quinter, mama wa Voi mwenye gunia la makaa kwenye buti. Mwingine ni mzee Gibson, aliyepakata miche ya mwarobaini kama mjukuu.

"Mama, Kwaresima hii kanisa letu limesema tufunge kutumia makaa," alisema mzee. "Miti imeisha, mvua imetukimbia."

"Hata letu limesema, mzee wangu. Na limesema Ijumaa hakuna nyama. Leo baada ya Njia ya Msalaba ni zamu yangu kupikia jumuiya maharagwe. Nyama ingeiva kwa nusu saa, maharagwe ni saa tatu. Nani anamaliza miti, mimi ama Ijumaa?"

Mzee akamgeukia. "Uliyaloweka jana?"

"Mfereji wetu ulitoa maji mara ya mwisho Jumanne. Niyaloweke kwa machozi? Na katekista akiyaona haya makaa, Jumapili nitatajwa mbele ya watu."

Phanice, aliyelea watoto wanne kwa maharagwe, akainama mbele asikie vizuri.

Basi likasimama Voi. Katekista alikuwa hapo stejini, amekuja kumpokea mpishi. Quinter akashuka, konda akashusha gunia. "Makaa ya nani haya?" katekista akauliza.

"Sadaka ya mzee huyu," Quinter akajibu bila kupepesa jicho, akimwonyesha Gibson dirishani. "Ningekataaje sadaka?"

Katekista akatazama makaa, akatazama miche. Mzee akafungua mdomo, na basi likaondoka.