Duka la Wawili Likibaki na Mmoja

Benchi la kahawa lilitazamana na duka la kushona viatu, na tangu mazishi Fundi alikuwa akikaa pale akiuangalia mlango uliofungwa. Duka lilikuwa lake na la mwenzake. Walilianzisha kwa kupeana mikono tu, na sasa mkono mmoja uko chini ya udongo, Mola amlaze pema mwenyewe. Fundi hakujua kama duka bado ni duka. Akafanya kosa la kuuliza benchini.

Kanuni, karani mstaafu, alijibu taratibu.

— Sheria za biashara tuliletewa na wageni, na wageni walikuwa wa namna mbili. Wa kwanza hutazama majaji wa zamani waliamuaje. Kwa hao, mbia akifa, ubia umekufa naye.

— Na wa pili?

— Wana kitabu. Kila jibu limo. Ukilikosa, umesoma vibaya.

Kinyozi alisema hayo ni ya wageni; kimila, ndugu wa marehemu hurithi kila kitu, hata kigoda. Muuza kahawa akaleta mirathi ya dini, akagawa mafungu mpaka Fundi akabakiwa na kizingiti.

Baharia aliwasikitikia wote. Bandarini, alieleza, meli ikileta hasara hukamatwa na kushtakiwa meli yenyewe.

— Kwa hiyo?

— Ishtakiwe cherehani. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi.

— Nyasi ni nani hapo?

— Wakili wa cherehani.

Hakuna aliyecheka. Walijadili kwa makini kama cherehani itaapa kwa sindano au kwa kuinua mguu.

Ndipo alipofika mke wa marehemu, akawasalimu mmoja mmoja. Fundi aliinamisha kichwa. Hakuwa amekwenda kumwona. Aliogopa kuonekana amefuata mali.

— Shemeji, nasikia mnatafuta sheria. Mmezipata ngapi?

— Nne, alijibu Kanuni. Ya meli bado tunaipima.

— Marehemu alinifundisha kushona soli, na viatu vya watu vimo mle dukani. Katika hizo nne, ipi inanikataza kuja kesho kukaa pale alipokuwa akikaa?

Kanuni alihesabu vidole vinne, akavikunja kimoja kimoja.

Fundi alisimama, akajipangusa suruali.

— Njoo na miwani, shemeji. Uzi wetu ni mweusi.